Mwanavumbi na Wale Walio Mbele

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Pakawa gani hiyo, kama ya kuku mwenye mafua? Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, sasa mmefika. Wadogo sogeeni, wakubwa kaeni. Na wewe unayejifanya unachambua maharage huku masikio yako yote yako hapa, chambua tu, ngano haina mlango.

Hapo zamani za kale, kale ya kale, milima ingali laini na mito bado inajifunza njia, palikuwa na mbuga. Mbuga pana, pana, pana. Ukiitazama, jicho linachoka kabla mbuga haijakwisha.

Katika mbuga hiyo kulikuwa na kundi la nyumbu. Nyumbu wengi kuliko nywele. Na hao nyumbu walikuwa wanatembea. Kuru-kuru-kuru! Kwato chini, vumbi juu. Kuru-kuru-kuru! Vumbi likapanda likawa mawingu, mawingu yakawa mbingu, na jua likining'inia humo kama kiini cha yai. Asubuhi wanatembea. Adhuhuri wanatembea. Kila mmoja na macho yake kwenye mkia wa mwenzake. Hakuna aliyekumbuka walianza lini.

Na walikuwa na wimbo. Nyinyi ndio kundi, nikiuliza mniitikie.

Tunakwenda wapi?

Kwa walio mbele!

Na walio mbele wanakwenda wapi?

Wanajua wenyewe!

Vizuri. Sasa tembeeni, kuru-kuru-kuru, tuendelee.

Katika kundi hilo alizaliwa nyumbu jike. Alizaliwa njiani, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuzaliwa. Mamake, Bi Makwato, alisimama kidogo tu, kama mtu anayefunga kanga yake vizuri, mtoto akaanguka, pu! Akamlamba, akamsukuma kwa pua.

"Simama, mwanangu. Tembea."

Mtoto akasimama, miguu inacheza kama ya mlevi, akatembea. Na kwa kuwa alizaliwa vumbini, akalambwa vumbini, na pumzi yake ya kwanza ilikuwa vumbi, akaitwa Mwanavumbi.

"Unauona mkia wangu?" mama alimwuliza.

"Nauona, mama."

"Usiuache. Mkia ndio dunia. Anayeutazama mkia hapotei."

Basi Mwanavumbi akautazama mkia. Ulikuwa mkia mweusi, kishada chake kimechakaa, mbigili zimenata humo kama vifungo. Unapepea huku, unapepea huku. Akakua akiutazama. Nyumbu wale walikula wakitembea, walilala wakitembea, wakaota wakitembea. Na Mwanavumbi aliota sana. Aliota kitu asichokijua jina. Kitu baridi, kinyevunyevu, chenye rangi ambayo vumbi halina. Kinamgusa pua, kinamgusa magoti, naye anazama ndani yake polepole bila kuogopa. Akizindukana, mkia uko pale pale.

"Mama, nimeota rangi."

"Rangi gani?"

"Sijui. Si ya vumbi."

"Basi haipo. Tembea, mwanangu."

Siku moja upepo ulipita, fuuu, ukapasua vumbi kama mtu anayefungua pazia. Mwanavumbi akainua kichwa. Kando ya njia akaona mgunga uliovunjika tawi, umeinama kama bibi anayeokota kuni. Juu yake wamekaa tumbusi, wale ndege wala mizoga. Shingo tupu, mabega wameyapandisha, wametulia tuli. Na walipoona nyumbu wanapita, wakaimba kwa sauti nzuri, sauti ya kubembelezea watoto:

"Songeni, songeni. Mbele kuna mvua. Songeni, songeni. Mbele kuna mvua."

Vumbi likafunga. Kuru-kuru-kuru. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Upepo ukapita tena, fuuu. Mwanavumbi akainua kichwa. Mgunga ule ule. Tawi lile lile. Tumbusi wale wale, mabega juu.

"Mama, mti ule tuliupita."

"Miti ni mingi, mwanangu. Yote hufanana."

Lakini Mwanavumbi hakulala tena akitembea. Kitu kilikuwa kimemwingia, kama mbegu ya jani inavyoingia sikioni. Na mama yake alikuwa anachoka. Kwato zake zilikuwa zimeliwa na njia, alikuwa anavuta miguu, na pumzi yake ikilia kama mlango mkavu. Mwanavumbi akawaza: mama yangu atafika kweli? Nani anajua bado ni mbali kiasi gani? Si wale walio mbele? Basi nitawaendea. Nitawauliza.

Akatoka nyuma ya mama, akaanza kujipenyeza. Pisha, pisha. Samahani, baba. Samahani, mama. Wakamgombeza.

"Wewe binti, unakimbilia nini? Aliye mbele ni wa mbele, aliye nyuma ni wa nyuma!"

"Nawatafuta walio mbele. Nyinyi ndio wenyewe?"

"Sisi? Hata! Wako mbele."

Akasonga. "Nyinyi ndio walio mbele?"

"Ah, sisi? Mbele huko."

Akasonga. Akasonga. Alipita madume na majike, alipita ndama, alipita vikongwe wanaoimba wamelala. Nyinyi ndio walio mbele? Mbele, binti. Nyinyi ndio? Mbele, binti. Jua lile la kiini cha yai likazama, likatoka, likazama, naye yuko mbioni. Mwisho akaona mbele yake mkia. Mkia mweusi, kishada chake kimechakaa, mbigili zimenata humo kama vifungo.

Akaunusa.

"Mama?"

Bi Makwato hakugeuka. Nyumbu wale hawakuwa na desturi ya kugeuka. "Ni wewe, Mwanavumbi? Umeshindwa, umerudi nyuma?"

"Sikurudi nyuma, mama. Nimekwenda mbele tu. Mbele, mbele, mbele. Nimekufikia wewe."

Kwato zikalia, kuru-kuru-kuru.

"Mama, hakuna walio mbele. Tunazunguka."

"Usiseme kwa sauti," mama akanong'ona.

Mwanavumbi akashangaa. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilishuku. Nilipokuwa na umri wako nilishuku. Kisha nikapata mimba yako, nikaacha kushuku. Mwenye mimba hawezi kusimama katikati ya njia, mwanangu. Tembea."

Lo! Lakini nani anaweza kumeza neno kama hilo? Linachoma koo. Mwanavumbi akapaza sauti: "Jamani! Tunazunguka! Mbele hakuna mtu! Nimefika, nimeona!"

Nyuma yao alikuwa anatembea Bwana Kishindo, dume kubwa, shingo kama gogo, na akisema yeye wengine hunyamaza.

"Nani anasema hakuna walio mbele?" akanguruma.

"Mimi, baba. Mwanavumbi wa Bi Makwato."

"Kama hakuna walio mbele, babu yangu alimfuata nani?"

"Sijui, baba. Labda alimfuata babu yangu."

"Na babu yako?"

"Labda alimfuata wako."

"Anamtukana babu yangu!" akapiga kelele Bwana Kishindo. Na kundi zima likapokea: "Anatutukania babu zetu! Anatutukania babu zetu!" Wakampiga vikumbo, gu, gu, huku na huku, na hakuna aliyesimama, maana hata kupiga walipiga wakitembea.

"Mama, tutoke," Mwanavumbi akasema. "Twende pembeni, mimi na wewe."

"Pembeni hakuna mkia, mwanangu," mama akasema. "Nikifika huko nitatazama nini?"

Mwanavumbi akalia. Kisha akapiga hatua ya ubavuni. Alidhani ataukuta ukuta. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa hata na uzi. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, na vumbi likamwachia, taratibu, kama ndoto inavyomwachia aliyelala.

Kimya, zii.

Hakuwa amewahi kusikia kimya. Alidhani amekuwa kiziwi. Akasimama, miguu inatetemeka, kwa kuwa haikujua kusimama. Akatazama chini. Rangi ile! Ile ya ndotoni, ndiyo ile, imetandikwa mpaka upeo wa macho, na umande juu yake unameta. Majani. Akainamisha pua. Baridi. Akaingiza magoti. Nyevunyevu. Akalala chini kwa mara ya kwanza maishani mwake, shavu kwenye majani, akalala usingizi usio na hatua ndani yake.

Alipoamka akaona kidimbwi, na kando ya kidimbwi tundu. Akasogea.

"We! Usinikanyagie mlango!"

Kutoka tunduni akachomoka Ngiri, meno yamepinda, mkia wima kama mwanzi.

"Shikamoo," Mwanavumbi akasema. "Mimi ni Mwanavumbi wa Bi Makwato."

"Marahaba. Lakini huku hatutaji wazazi, binti. Huku kila mtu ni wake mwenyewe. Mimi naamka nikitaka. Nalala nikitaka. Nikitaka kugaagaa topeni, nagaagaa. Hakuna wa kuniambia we Ngiri inuka, we Ngiri songa."

"Raha iliyoje!"

"Raha tupu. Kaa, majani ni mengi. Wewe kula upande wako, mimi upande wangu."

Mwanavumbi akakaa. Akala, akanenepa, manyoya yakang'aa. Akakimbia bila sababu, akageuka bila kuuliza, akasimama katikati ya mbuga apendavyo, peke yake, kama nukta. Siku zikapita mfano wa mawingu, moja haijulikani na nyingine. Wakati mwingine alijiuliza kama lile kundi lilikuwepo kweli, au yeye ndiye aliyeliota.

Lakini akiona kitu kizuri, upinde wa mvua au kundi la korongo angani, aliinua kichwa akaita: "Ng'uuu!" Akatega sikio. Hakuna aliyeitika. Neno lake likaenda, likaenda, likapotea.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kila alasiri Ngiri alipoingia tunduni, aliingia kinyumenyume. Matako kwanza, kichwa mwisho, macho ameyakodoa nje.

"Ngiri, mbona unaingia kwako namna hiyo?"

"Nani atanitazamia mgongo, binti? Wewe?"

Akajitumbukiza, kisha pua tu ikabaki.

Ikawa siku moja, jua kali, Mwanavumbi anakunywa maji. Maji ni kioo. Anajitazama, anaona pembe zake, anaona mbingu nyuma ya pembe. Ghafla mbinguni humo mkatokea jicho la manjano. Simba jike! Mwanavumbi akaruka, chubwi! Makucha yakamshika nyonga, chaa! Akarusha mateke, kofu! kofu! Akachomoka, akakimbia huku damu inamtiririka, akakimbia mpaka mapafu yakawa moto, mpaka simba akachoka akakaa.

Jioni akarudi akichechemea. Pua ya Ngiri iko mlangoni.

"Ngiri, ulimwona simba?"

"Nilimwona. Tangu alipotoka kwenye kichaka kile."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ngiri akamtazama bila ubaya wowote. "Binti, si nilikueleza? Huku kila mtu ni wake mwenyewe."

Mwanavumbi akailamba nyonga yake. Kidonda kinachoma. Akafikiri: kule nilikuwa na mikia mingi, sikuwa na njia. Huku nina njia nyingi, sina hata jicho moja la kunitazamia. Kule hawakunisikia kwa kuwa walikuwa wengi. Huku hanisikii mtu kwa kuwa niko peke yangu. Akamkumbuka mama yake na pumzi ile ya mlango mkavu.

"Nakwenda kwetu," akasema. "Twende, Ngiri."

"Mimi nimezoea," akasema Ngiri, na sauti yake ikawa ndogo. "Lakini ukipita tena huku, piga hodi."

Mwanavumbi akang'oa majani, akajaza kinywa bila kutafuna, akalifuata vumbi lililosimama mbali kama moshi wa jiko. Kuru-kuru-kuru, akasikia. Akaingia.

Na je, aliona nini? Chini ya mgunga ule wa tawi lililovunjika, mama yake ameanguka. Amelala ubavu, macho wazi. Na kundi linampita. Linagawanyika mbele yake kama maji mbele ya jiwe, linaungana nyuma yake. Hakuna anayetazama chini. Tumbusi wameshuka. Wamekaa karibu, wamepanga mabega.

"Ondokeni!" Mwanavumbi akawaambia, majani yanamdondoka.

"Kwani tumefanya nini?" tumbusi mmoja akajibu, kwa upole. "Sisi hatuui, binti. Hatujawahi kuua mtu. Sisi tunangoja tu."

Mwanavumbi akapiga magoti. Akamwekea mama majani mdomoni. Bi Makwato akatafuna kidogo, akafumba macho, akatafuna tena.

"Ndiyo rangi ile?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ina ladha."

Hapo Mwanavumbi akainuka. Hakupiga kelele tena. Alisimama mbele ya mama yake, akaikinga njia kwa mwili wake, uso wake ukiwaelekea wanaokuja. Na anayekuja ni nani? Bwana Kishindo, shingo kama gogo, kuru-kuru-kuru!

"Pisha!"

"Pita juu yangu, baba."

Bwana Kishindo akafika karibu, pembe kwa pembe. Akainua macho ili amwone huyu anayemzibia. Akaona uso. Alikuwa amezoea mikia, hakuwa ameona uso tangu aliponyonya. Akaona macho mawili yanamtazama, na ndani ya kila jicho yumo dume mdogo mwenye vumbi usoni, amechoka. Akasimama.

Nyuma yake wakagongana, gu! Nyuma ya hao, gu! Gu-gu-gu-gu, kusimama kukaenda nyuma, kukazunguka mbuga yote kama radi inavyozunguka mlimani, mpaka kukarudi kwa upande wa pili. Na kundi zima likawa limesimama.

Kimya, zii.

Vumbi likaanza kushuka. Taratibu, taratibu, kama unga unaochekechwa. Kwanza zikaonekana pembe, kisha migongo. Kisha mbingu ikatokea, buluu, hata ndama wakainama wakidhani inaanguka. Na nyumbu wakajiona. Upande huu ukauona upande ule, ng'ambo ya uwanja mtupu uliopondwa ukawa majivu. Wakaona duara. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Dume mmoja akageuka, akamtazama mkewe aliyekuwa akimfuata nyuma miaka yote. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe una doa jeupe puani."

"Tangu kuzaliwa, mume wangu."

Wakacheka. Wengine wakalia. Wengine wakalala pale pale, fofofo, mioyo imechoka. Bi Makwato akasaidiwa kuinuka, huyu bega, huyu bega. Tumbusi wakapanda mtini kimyakimya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huzima taa wakidhani ngano imekwisha.

Bwana Kishindo akaja mbele ya Mwanavumbi, akainama. "Ulisema kweli, binti. Walio mbele hawakuwepo. Lakini sasa wapo. Ni wewe. Tuwekee mkia wako, tuufuate."

"Tuwekee mkia!" kundi likaitikia.

Mwanavumbi akasikia utamu. Nisiwafiche, akasikia utamu wa ajabu, kama asali inashuka shingoni. Wale waliompiga vikumbo sasa wamepanga mstari nyuma yake. Akasema moyoni, nina haraka, mama yangu mgonjwa, nitawafikisha kwanza, maneno baadaye. Akatangulia. Na wao kuru-kuru-kuru nyuma yake.

Tunakwenda wapi?

Mmesahau? Wao hawakusahau, walibadilisha kidogo tu: "Kwa Mwanavumbi!"

Na Mwanavumbi anakwenda wapi?

"Anajua mwenyewe!"

Akiruka kijiti, wote wanaruka, hata pale pasipo na kijiti. Akipiga chafya, wote chafya, chya! chya! chya! Vumbi likapanda tena. Na katika vumbi lile Mwanavumbi akakosea. Alidhani anaelekea kwenye kidimbwi, kumbe anaelekea kwenye bwawa la tope, lile ambalo juu limekauka likapasuka kama kigae, na chini ni uji. Yeye alikuwa mwepesi, akapita, pa-pa-pa. Bwana Kishindo aliyekuwa nyuma yake alikuwa mzito. Bwaa! Akazama mpaka tumboni. Wa nyuma yake wakazama. Na wa nyuma ya hao wakaendelea kuja, macho kwenye mikia.

"Simameni!" Mwanavumbi akapiga kelele. "Simameni!"

Wakasimama. Jike mmoja mwembamba wa pembeni akasema, "Mimi nililiona tope. Niliona linang'aa."

"Na mimi," akasema mwingine. "Nilinusa."

"Mliona? Kwa nini hamkuniambia?"

Wakatazamana. "Tulidhani wewe unajua."

Mwanavumbi akahisi kidonda cha simba kinachoma upya. Akamtazama Bwana Kishindo, tope limefika mbavuni, macho yake yamemtegemea yeye tu, kama macho ya ndama. Hata hakujaribu kupiga miguu. Alikuwa anangoja aambiwe.

"Baba, piga miguu!" Mwanavumbi akasema. "Mimi siwezi kukutoa peke yangu. Na nyinyi, tokeni mkiani mwangu! Mkia wangu ni wa kufukuzia nzi! Tawanyikeni! Wewe uliyeliona tope, tuonyeshe pagumu ni wapi. Wewe unayenusa, nusa. Kila mmoja aseme anachokiona!"

Kwanza hawakujua kusema. Kisha jike yule mwembamba akasema, "Hapa pagumu." Mwingine, "Na hapa pana mizizi." Mwingine, "Sogeza kushoto." Sauti zikawa nyingi, zikawa kelele, zikagombana. Huyu anasema vuta, huyu anasema sukuma, huyu anasema mnanikanyaga. Ilikuwa fujo, sikilizeni, fujo kamili. Lakini ndani ya fujo hiyo mabega yalipata mahali pa kusukuma, pembe zilipata mahali pa kuegemea, na yeye mwenyewe Bwana Kishindo akaanza kupiga miguu, chwa, chwa, chwaaa! Akachomoka. Wakachomoka wote isipokuwa ndama mmoja, mdogo, aliyekuwa amekanyagwa chini kabla ya mtu kusema neno. Walimtoa, wakamlaza kwenye majani makavu. Hakuamka.

Mwanavumbi akalala kando yake mpaka jua likashuka. Mama wa ndama akasimama karibu, hakumwambia neno la lawama, na hilo likawa zito kuliko lawama. Bi Makwato akaja polepole.

"Mama, niliona utamu," Mwanavumbi akasema. "Wa kufuatwa."

"Najua," akasema mama. "Kufuata nako ni kutamu. Ndiyo maana tulizunguka."

Kulipokucha wakaondoka, lakini hawakupanga mstari. Walitandaa, ubavu kwa ubavu, kama shuka inavyotandikwa, na kila mmoja alikuwa na uso wake mbele na jirani yake kando. Walienda polepole. Walisimama mara nyingi kubishana. Lakini vumbi halikupanda, na anayechoka alionekana. Hivyo wakafika kwenye majani.

Wakakaa huko. Wakajifunza kulala chini, baadhi wamelala, baadhi wametazama, kisha wanapokezana. Hata Ngiri wakampigia hodi, akatoka, akasema hataki majirani. Baada ya siku kadhaa akahamisha tundu lake karibu nao, akisema ni kwa sababu ya tope.

Na wote walifurahi? Hapana. Nisiwadanganye. Bwana Kishindo hakulala vizuri. Alikuwa anasimama katikati ya majani mabichi, anazungusha kichwa. "Nile huku au kule? Nilale sasa au baadaye? Kila saa kuna la kuamua. Kichwa kinaniuma." Na wapo waliokuwa kama yeye. Siku moja wakajipanga, mkia kwa mkia, wakaondoka kuelekea kwenye njia ya zamani. Mbali huko tumbusi wakapandisha mabega.

Vijana wakaruka. "Tuwazibie njia! Tuwarudishe kwa pembe!"

"Tuwarudishe kwa pembe," Mwanavumbi akasema, "halafu tuwalinde kwa pembe wasitoroke? Hapo tutakuwa na duara jingine, la majani tu."

Akatoka akatembea nao kidogo, ubavuni mwa Bwana Kishindo. "Baba, njia ya kurudi kwetu haina ukuta. Kumbuka hilo tu."

Bwana Kishindo alikuwa ameshautazama mkia, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto anayebembelezwa. Vumbi likamchukua.

Tangu hapo, wakati fulani, asubuhi kukiwa na ukungu, mtu hutokea katika lile vumbi la mbali. Pengine dume, pengine jike na mwanawe. Anasimama nje ya vumbi, anapepesa macho, miguu inatetemeka, hajui pa kutazama. Na huku daima kuna anayemwona, maana daima kuna anayetazama. Anayemwona huinuka, humwendea, wala hageuki kumpa mkia. Husimama ubavuni pake.

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi lala. Sisi tuko macho."

Na yule mgeni hulala hapo hapo, shavu kwenye umande.

Enyi wasikilizaji wangu, neno lenyewe ni hili, nalisema wazi ili lisiwapotee. Anayefuata bila kuuliza hupotea na wengi, anayejitenga asijali hupotea peke yake, na anayependa kufuatwa huwapoteza wenzake. Uhuru ni kutembea na wenzako ubavu kwa ubavu, kila mmoja akitazama kwa macho yake na akisema alichokiona. Wala hakuna awezaye kumtia mwenzake uhuru kwa pembe.

Ngano yangu imechoka kutembea, inalala hapa. Iliyo tamu ibebeni, iliyo chungu niachieni mimi.